Mshono wa Mashoto

Watu wa Kikwajuni hawakosi la kusema, na wiki ile la kusema lilikuwa ndoa ya Mabrouk, fundi pikipiki. Wengine waliuliza mbona kachelewa. Wengine, wale ambao kila mtaa unao, waliuliza mbona kafanya haraka, mke wa nduguye huyo, na marehemu mwenyewe hata kaburi hana. Sasa kaburi wakalichimbe wao? Kadhi alikuwa ameshasema lake. Jaku, kakake Mabrouk, alipanda pikipiki yake wiki ile ya Mapinduzi, Januari ya mwaka sitini na nne, akashika njia ya shamba na asionekane tena, kwa sababu alikuwa dereva wa bwana mmoja wa serikali iliyopinduliwa na jina lake lilishaanza kutajwatajwa. Mkewe, Mwanakheri, akabaki nyumbani kwa mama mkwe na watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Akangoja. Alipochoka kungoja akenda kwa Kadhi, na Kadhi akampa miaka minne ya kumsubiri mume aliyepotea, kama sheria inavyotaka. Miaka minne ikapita bila ya barua wala salamu, Jaku akahukumiwa kuwa ni maiti. Mwanakheri akakaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, hatoki nje, hatii wanja. Khitma ikasomwa. Mama mtu, Bi Mwatum, akalia mpaka sauti ikamkauka. Sasa ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa sabini na moja, na ndoa ilikuwa ifungwe Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Nani tena wa kufungua mdomo?

Na Mabrouk alimpenda mwanamke yule, tuliseme wazi lisituzunguke. Alimpenda kwa miaka mingi na hakuthubutu hata kulitazama pendo lenyewe usoni. Alipanga foleni ya mchele kwa ajili yake na watoto, alipeleka watoto chuoni kusoma Kurani, alipanda juu ya paa kuziba mabati wakati wa masika, na kila alipomaliza alirudi zake gereji bila ya kukaa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano na hajaoa. Siku mjumbe wa posa aliporudi na jibu kwamba Mwanakheri amekubali, Mabrouk alikaa gereji na spana mkononi muda mzima baina ya sala mbili, hajui anataka kufungua nini.

Basi Jumanne, karibu na adhuhuri, akatokea mtu anasukuma pikipiki kuukuu ya Kiingereza. Alikuwa Mwalimu Mcha, anayesomesha skuli ya Bwejuu, kijana mwembamba mwenye miwani, jasho linamtiririka.

"Asalaam alaykum, fundi."

"Wa alaykum salaam. Mwalimu, mbona unaikokota? Imekufa?"

"Injini nzima kabisa. Ni huku nyuma. Nikipita shimo inanirusha, ikishanirusha inaendelea kudunda yenyewe. Nimetoka Bwejuu mpaka hapa mgongo si mgongo tena. Kutoka Mnazi Mmoja nimeona bora nitembee."

Mabrouk akachutama. Nyuma pale, kila upande wa gurudumu palikuwa na shokomzoba moja, ile springi yenye bomba la mafuta ndani linaloizuia isidunde ovyo. Ya kulia ilikuwa kavu. Ya kushoto ilikuwa imerowa chapachapa, mafuta yameteremka mpaka kwenye spoku na vumbi la njia nzima limeganda juu yake.

"Inavuja," alisema.

"Hilo nalijua, bwana. Utanitilia mpya?"

"Mpya!" Mabrouk akacheka kwa sauti. "Mwalimu, sabuni ya kufulia tunapanga foleni, wewe unataka shokomzoba mpya. Niachie. Nitaifungua."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Vitu vipya havikuwa vikiingia, na mafundi wa Unguja walijifunza kufungua hata vile ambavyo waliovitengeneza hawakukusudia vifunguliwe. Mwalimu Mcha akasema atakuwa kwa shangazi yake Mwembetanga mpaka Alhamisi asubuhi, akaenda zake huku anajishika kiuno.

Mabrouk akaitoa shokomzoba, akaibana kwenye jiriwa, akaikandamiza springi kwa waya mpaka ikakubali kutoka. Akalifuta bomba. Kizibo chake cha juu kilikuwa na alama za patasi, kumaanisha kuna mtu alishakifungua kabla yake. Akagonga taratibu, kikalegea, akavuta mti wa chuma ulio katikati. Mafuta machache yaliyobakia yakamwagika kwenye kopo, meusi, yananuka moshi. Na mwisho wa mti ule ikatoka pete ya ngozi.

Kwanza alifurahi. Hiyo ndiyo kazi ya Mungu, alifurahi! Kwa sababu pete ya kuzuia mafuta haiwi ya ngozi, huwa ya mpira, na katika kisiwa kizima waliowahi kutia ngozi mahali pale walikuwa watu wawili tu, yeye na kakake. Baba yao alikuwa mshona makubadhi pale Mchangani. Wote wawili walikulia miguuni pake, wakashika msharasi, sindano ile ya kutobolea ngozi, kabla ya kushika kalamu. Walipofungua gereji yao, kabla Jaku hajaajiriwa udereva, na mpira wa kipimo kile ulipokosekana, ndipo Jaku alipobuni kuchukua ngozi mbili nyembamba, ya mbuzi ndani na ya ng'ombe nje, kuzishona pamoja kwa duara, kuzichovya kwenye nta na kuzichonga ukingo ziteleze. Ilizuia mafuta barabara. Mabrouk akaishika pete kwa vidole viwili na kujisemea, kumbe kazi yetu bado inatembea.

Halafu akaigeuza kwenye mwanga.

Mishono ilikuwa imelala upande wa pili. Yeye akishona, mishono yake hulala kulia, kama ya baba yao na ya kila mshonaji. Hii ililala kushoto. Jaku alikuwa mashoto. Baba yao alimchapa akaacha kulia chakula kwa mkono ule, akaandika kwa kulia, akapokea na kutoa kwa kulia, lakini kwenye kushona mzee alishindwa akamwachia. Na hata hapo Mabrouk hakushtuka sana. Alisema moyoni, basi ni kazi ya zamani ya marehemu, Mungu amrehemu, imezunguka miaka yote imerudi mikononi mwangu. Akaisogeza karibu zaidi ili aibusu. Akaona uzi.

Uzi ulikuwa wa nailoni, mshipi wa kuvulia samaki. Wao hawakupata kutumia nailoni. Walitumia uzi wa kitani wa baba yao. Akachukua wembe akaipasua pete. Ndani, mahali ambapo mafuta hayakufika, ngozi ilikuwa bado na rangi ya maziwa, bado inanuka ngozi. Ngozi iliyokaa kwenye mafuta miaka saba huwa nyeusi mpaka ndani na hukatika kama biskuti. Hii haikuwa na mwaka.

Lahaula! Mabrouk alikaa chini, chini kabisa, kwenye sakafu yenye girisi. Pete imo ndani ya kiganja, na yeye anaitazama kama mtu aliyeambiwa asome lugha asiyoijua. Maiti haishoni. Hilo tu ndilo lililokuwa likimpita kichwani, linakwenda na kurudi.

Alipoweza kusimama alifunga gereji mchana kweupe, akenda Mwembetanga mbio mbio, ndara moja imekatika njiani hakuiokota. Mwalimu Mcha alikuwa kwenye baraza ya shangazi yake anakula embe.

"Fundi! Imeshindikana?"

"Nani alikutengenezea hii?" Mabrouk akamwonesha pete ya ngozi.

"Aa, hiyo? Fundi Mgeni, kule kwetu. Mshona viatu tu, lakini ana mikono mizuri. Tangu Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, ilikuwa imekaa vizuri, juzi ndiyo imeanza kuvuja." Akamtazama. "Mbona hivyo? Kwani kaiharibu?"

"Mtu gani?"

"Mtu mzima, ana ndevu. Alitokea Bara miaka minne, mitano iliyopita, kaoa pale pale kwetu."

"Anashona mkono gani?"

Mwalimu akacheka. "Kumbe unamjua! Mkono wa kushoto."

Mabrouk akasema pikipiki itakuwa tayari Alhamisi, na kwamba kazi kama ile haiachwi bila ya kujaribiwa, kwa hiyo atapanda naye mpaka Bwejuu, njia mbaya, watu wawili juu yake, aone kama itazuia. Mwalimu akamshukuru sana. Hakupata kumwona fundi anayejali kazi kiasi kile.

Na hapa ndipo pa kumlaumu, kama mtu anataka kulaumu. Jumanne ile alirudi nyumbani na hakusema. Mama yake alikuwa barazani anachagua mchele wa harusi, akamwitikia shikamoo yake, akamuuliza ndara nyingine iko wapi. Hakusema. Mwanakheri alikuwa chumba cha ndani, nyumba hiyo hiyo, ameshawekwa ndani na mashoga zake, hatazamwi na bwana harusi mpaka ndoa ifungwe. Alimsikia anacheka nyuma ya pazia, kicheko ambacho hakukisikia miaka saba. Angesema nini? Kwamba mumeo yuko hai? Mume akiwa hai na hakumwacha, basi hakuna ndoa, hakuna Ijumaa, hakuna chochote. Alijiambia kwamba hajathibitisha. Alijiambia kwamba huenda kuna mashoto mwingine aliyejifunza kazi ile mahali. Uongo mtupu, na aliujua kuwa ni uongo. Alimtaka mwanamke yule, akaogopa, akanyamaza.

Jumatano alishona pete mpya. Mtu ambaye alikuwa akizishona macho yamefumba, aliharibu mbili. Alijichoma msharasi kwenye kidole gumba. Ya tatu ikakaa, akaichovya nta, akaichonga ukingo, akalijaza bomba mafuta ya injini yaliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo yasiwe mazito, akafunga kizibo. Alipoikandamiza kwa mkono ilishuka polepole na kurudi polepole, haitoi hata tone. Kazi safi. Siku nyingine angeita watu waione.

Alhamisi baada ya alfajiri wakaondoka. Mwalimu mbele, Mabrouk nyuma, miguu imening'inia, na njia baada ya Jozani ilikuwa mawe matupu. Shokomzoba ilimeza kila shimo.

"Fundi, hii sasa ni godoro!" Mwalimu alipiga kelele kwa furaha.

Mabrouk hakusikia vizuri hata alichoambiwa.

Walipofika, Mwalimu alimwonesha kibanda cha makuti nyuma ya nyumba ya Fundi Mgeni, akaenda zake skuli kwa sababu alikuwa ameshachelewa. Mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kubadhi mapajani, msharasi mkono wa kushoto. Ndevu zina mvi. Siku mbili Mabrouk alikuwa akijua atamkuta nani pale, na hata hivyo alishika nguzo ya banda. Yule mtu akainua kichwa.

"Mabrouk," alisema Jaku. Akasimama, kubadhi likaanguka. "Miaka saba! Nshasema huyu kanisusa."

"Nimekususa?" Sauti ya Mabrouk ilitoka nyembamba, hakuijua kuwa ni yake. "Kaka, sisi tumekusomea khitma."

Jaku akacheka, halafu akaona kwamba nduguye hachezi.

"Mmenisomea nini?"

"Khitma. Mwezi wa nne. Watu mia wamekula wali wako."

"Na mama alikuwa wapi?"

"Mama ndiye aliyelia kuliko watu wote."

Jaku akakaa tena kwenye kigoda, taratibu, kama anayeogopa kuwa kigoda hakipo. "Mama alikuwa hapa mwezi uliopita," alisema. "Kila mwaka anakuja. Akenda Makunduchi kutazama sherehe za Mwaka Kogwa, akitoka huko anakuja kulala kwangu siku tatu. Hapo ulipo ndipo anapotandika mkeka. Yeye ndiye aliyenambia nirudi kutoka Bara, nikae hapa, na akasema nyinyi nyote mnajua lakini kawakataza msije, kwa sababu mtafuatwa."

Mama yake. Mama yake aliyevaa kanga nyeusi, aliyeshikwa mikono na wanawake wawili ili asianguke.

"Na Mwanakheri?" aliuliza Mabrouk mwishowe. "Mwanakheri ulimwacha hivi hivi tu?"

"Hivi hivi vipi? Nilimwandikia talaka. Kabla sijavuka kwenda Bara, nimejificha Paje, mama akaja, nikaandika mbele ya mashahidi wawili, nikampa mkononi mwake. Mtu anayewindwa hamfungi mwanamke wa miaka ishirini na miwili." Akamtazama nduguye kwa hofu iliyokuwa inaanza kukua. "Mama kanambia Mwanakheri kaolewa zamani, Mkokotoni huko. Na mumewe hataki watoto wasikie jina langu."

"Kaolewa!" Mabrouk akapiga ukelele. "Amekungoja! Miaka saba amekungoja, nyumbani kwetu, anampikia mama, anamkanda miguu. Kesho ndiyo anaolewa. Na mimi."

Ndani ya nyumba mwanamke alikuwa anamwimbia mtoto alale. Jaku akainama akaokota kubadhi, akalikung'uta vumbi, akaliweka tena chini.

"Basi muoe," alisema. "Halali yako. Nshamwacha, eda yake imekwisha kabla mwaka ule haujesha. Muoe na usimwambie mtu neno, Mabrouk. Mimi hapa ni Mgeni. Huko mjini kuna watu bado wana madaftari. Utakwenda kunichongea kwa ajili ya nini, na mwanamke unampata?"

Mabrouk hakumpa hata mkono. Alipanda gari ya abiria ya adhuhuri, akabanwa dirishani baina ya magunia ya muhogo na kuku, na njia nzima akawa anaisikia ile sauti: na mwanamke unampata. Ni kweli. Jumanne alidhani ndoa imevunjika, na sasa ilikuwa nzima, halali, safi, hakuna sheikh angeweza kuitia doa. Kilichotakiwa kwake kilikuwa kimoja tu, kuufunga mdomo. Mpaka gari inafika Darajani alikuwa bado hajui ataufunga au hataufunga.

Mama yake alikuwa barazani, sinia ya asumini mapajani, anatunga vikuba vya bibi harusi. Mabrouk hakutoa shikamoo.

"Natoka Bwejuu," alisema.

Mkono wa Bi Mwatum ulisimama na sindano. Kisha ukaendelea. Ukachukua ua jingine, ukalitoboa. Hakuuliza Bwejuu kwa nani, na kule kutouliza ndiko kulikommaliza Mabrouk, kwa sababu mpaka wakati ule, ndani kabisa ya roho yake, alikuwa anangojea mama yake ashangae.

"Hajambo?" alisema Bi Mwatum.

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Watu wanapita." Akatunga ua jingine. "Ningempa karatasi ile, angekaa? Angefunga mizigo kesho yake akarudi kwao Tumbatu na wajukuu zangu. Na mdomo wake je? Mwanamke aliyeachwa husema. Aliyepotelewa na mume hulia tu. Wale waliokuja kumtafuta kakako, walimkuta mkewe yumo sakafuni anajigaragaza, wakasadiki, wakaondoka. Wamekuja mara tatu. Mara tatu machozi yake ndiyo yaliyowarudisha. Ningeyapata wapi machozi kama yale kwa mtu anayejua?"

Mabrouk alikuwa anamtazama mwanamke huyu mdogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa hamjui.

"Na khitma? Kumkalisha mtu eda ya mume aliye hai?"

"Khitma ni Kurani. Kurani haimdhuru mtu." Hapo tu sauti ilimtetemeka kidogo. "Na wewe unaniulizaje, Mabrouk? Ningempa karatasi ile, leo ungekuwa unamuoa nani?"

"Iko wapi?"

Alidhani atakataa. Bi Mwatum akaingiza mkono kifuani, akatoa kifuko cha kitambaa anachovaa shingoni, kile ambacho kila mtu alikijua kuwa ni hirizi ya presha yake, akakifumua kwa jino. Karatasi ilikuwa imekunjwa ndogo, imelainika kwa jasho la miaka. Akamtupia.

"Haya. Nenda kavunje nyumba."

Mabrouk alisimama mbele ya pazia la chumba cha ndani. Mashoga walikuwa wameshakwenda kusali alasiri. Alimwita kwa jina, na Mwanakheri akaitika kutoka ndani, "Naam," kwa ile sauti ya furaha, akamwambia asithubutu kufungua, mikono yake ina hina mbichi.

"Sifungui. Nakupa karatasi. Isome."

Akaipitisha chini ya pazia. Alisikia bangili, alisikia karatasi inakunjuliwa. Mwanakheri alikuwa msomaji, maandishi ya Kiarabu kwake si kazi. Mabrouk akangojea ukelele. Ukelele haukuja. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtu anayelia wala ya mtu mwenye hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini na kuulizwa jina lake.

"Mwezi wa Ramadhani," ilisema. "Themanini na tatu, mwaka wa Hijria. Huu ndio ule ule mwaka alioondoka."

"Ndio ule ule."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa mama."

"Na yeye? Yeye yuko wapi?"

"Hai. Yuko Bwejuu. Ana mke."

Nje muuza kahawa alipita anagonga vikombe vyake. Mabrouk aliendelea kusema, hakuweza kunyamaza, alisema kila kitu, mama na Mwaka Kogwa na mashahidi wawili, na kwamba ndoa bado ni halali, hakuna lililoharibika, kesho watu watakuja kama kawaida na yeye, Mabrouk, atamtunza kama alivyomtunza siku zote, na zaidi.

"Wewe umejua lini?"

Swali lilikuwa jepesi. Alikuwa ametoka Bwejuu saa ile ile, vumbi bado limo nyusini. Angesema leo, nani angemsuta? Hata yeye mwenyewe karibu angesadiki.

"Jumanne," alisema. "Nilifungua shokomzoba ya Mwalimu mmoja, nikaona mshono wa Jaku. Jumanne adhuhuri."

Pazia likafunguka. Mwanakheri alisimama mlangoni, kichwa wazi, hina inamdondoka kwenye viganja, mambo ambayo bibi harusi hayafanyi. Alimtazama Mabrouk usoni, moja kwa moja, muda mrefu, na macho yake yalikuwa makavu na makubwa.

"Jana nlimpa mtoto sahani akuletee gereji," alisema. "Pweza wa nazi. Nlimpika mwenyewe, nliwakatalia wenzangu wote wasiuguse mchuzi. Mtoto akarudi akanambia umekula umemaliza, na umesema ahsante."

Mabrouk alikuwa amekula, na alikuwa amesema ahsante.

"Mwanakheri, ntaku..."

"Watoto wavae viatu. Nnataka kuwahi Mkokotoni kabla jua halijatua, nipate chombo cha kuvukia kwetu." Alikuwa ameshageuka, anaokota kanga kwa ncha za vidole asizitie hina. Kisha akamwita kama alivyokuwa akimwita zamani, jina ambalo tangu siku ya posa halikumtoka tena mdomoni. "Kaniitie gari, shemegi."

Mabrouk akapita mbele ya mama yake bila ya kumtazama, akatoka kwenda kutafuta gari.